Jibu Alilolinoa Mwanarusi

Kivuli cha Maimuna kilimtangulia mlangoni, na Mwanarusi akajua siku imeanza. Ilikuwa siku ya sitini na mbili ya eda. Mwenye eda haendi kokote. Anayemchukia humkuta palepale mkekani, kama kaa aliyefungwa ndani ya tenga.

"Hujambo, wifi? Naona wanenepa," alisema Maimuna, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Kifo cha ndugu yangu kimekukubali."

"Alhamdulillahi."

"Mwanamke mwenye moyo hamwachi mumewe afe kitandani, hata gari asimtafutie."

Kahaso, jirani aliyekuwa akipepeta mchele, alingoja mpaka Maimuna alipokwenda uani kunywa maji.

"Shoga, mpaka lini? Jibu mapigo. Ulimi haukai eda."

Mwanarusi alitabasamu kidogo. Jibu alikuwa nalo tangu siku ya tatu, alipoiwasha simu ya marehemu. Alfajiri ya kifo, kifua kilipombana, mumewe Jaafar alimpigia dada yake mara nne, maana mume wa Maimuna ndiye jirani yao mwenye gari hapa Gazi. Mara nne simu ilikatwa. Ndugu hao walikuwa wamenuniana kwa ajili ya minazi ya mpakani. Jibu hilo Mwanarusi alilinoa kila siku, kisha akalirudisha alani, ingawa alihofu kwamba kwa kukaa mno lingemkata yeye mwenyewe.

Maimuna alirudi akifuta midomo kwa ncha ya leso.

"Kama angenitafuta mimi," akaendelea, "angekuwa hai."

Ungo wa Kahaso ukasita.

"Alikutafuta," alisema Mwanarusi. "Mara nne. Ukakata."

Hakupaza sauti. Alitazamia matusi, mlango kubamizwa. Na majibu ya hayo pia alikwisha kuyaandaa. Maimuna hakuuliza nani kamwambia. Aliteleza kitini taratibu, akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akaivuta leso mpaka ikamfunika macho.

Adhuhuri ikaadhiniwa, kisha alasiri. Kahaso alikuwa amekwenda zake zamani. Nje watu walipita wakiulizana hali. Mwanarusi aliitafuta raha ya ushindi, akasikia pumzi za mwenzake tu, karibu mno, katika chumba ambamo hakuwa na ruhusa ya kutoka.

Akasogea upande. Mkekani pakabaki nafasi ya mtu mmoja.