Lugha Ambayo Kindness Angeisoma

Mwaka 2003 Elinipendo alikuwa mjamzito, na kazi ya kwaya ilikuwa imemkwamia mikononi.

Alikuwa msimamizi wa kompyuta katika duka la uchapaji mjini Moshi. Kompyuta zilitumia mfumo wa Linux, na kila kazi ya kujirudiarudia aliiandikia programu fupi kwa shell, lugha ya amri za mfumo huo. Shell ilimtosha kabisa, mpaka Mwalimu Gidioni, kiongozi wa kwaya huko Machame, alipoleta nyimbo zilizochapwa na watu mbalimbali, akitaka ziwe kitabu kimoja kilichopangwa kwa alfabeti. Programu ya Elinipendo ilikwenda vizuri hadi ilipokutana na neno "ng'ara". Kwa shell, kile kialama cha juu ni mlango uliofunguliwa. Ikameza ubeti mzima ikitafuta kialama kingine cha kuufunga. Akirekebisha hapa, inaharibika pale. Akaona wakati umefika wa kujifunza lugha nyingine ya kuandikia programu.

Eliufoo, aliyesoma naye chuo, alikuwa anafanya kazi Arusha. Alipopita Moshi kusalimia, alimwambia asipoteze muda, ajifunze Perl. Akavuta kiti, akaandika mstari mmoja mfupi, na nyimbo zikajipanga, kila ng' ikiwa salama. Elinipendo alicheka kwa furaha. Lakini kwenye CD ya Linux kulikuwa na lugha nyingine pia, Python, na wiki ile akaijaribu. Kazi ileile ilimchukua karibu ukurasa mzima, nayo ikaenda sawa. Sasa alikuwa na lugha mbili nzuri na hakujua ashike ipi.

Jumapili alipanda nyumbani Machame. Mama yake alikuwa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, akikata majani ya ng'ombe, na Elinipendo akamsimulia yote. Mama hakuuliza ipi ni fupi wala ipi ina nguvu.

"Ukishajifungua utakaa hapa kwangu unywe mtori wa ndizi," alisema. "Huko dukani hiyo kazi inabaki na nani?"

Ingebaki na Kindness, binti wa mapokezi, ambaye hakuwahi kuandika programu hata moja. Kesho yake Elinipendo alizichapa zile programu mbili, akamwekea karatasi zake mezani, akamwomba aseme anaona nini. Ile ya Eliufoo, Kindness aliigeuza juu chini, akauliza kama printa imeharibika. Ya pili aliifuata polepole kwa kidole.

"Hapa inafungua faili," alisema. "Hapa, kwa kila wimbo, inachukua mstari wa kwanza."

Kiingereza chake cha sekondari kilikuwa kimemtosha. Basi ikawa Python. Wakajifunza pamoja asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia. Eliufoo alipopata habari alinuna kidogo, kisha akawatumia maelezo yote ya Python aliyoyapata Arusha.

Mtoto, wa kike, alizaliwa wakati wa masika. Siku moja ya mvua Kindness alipanda Machame na kitabu cha nyimbo kikiwa kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mwalimu Gidioni alikuwa ameomba, dakika za mwisho, nyimbo za Kichagga zikae peke yake, na Kindness alikuwa ameiongeza sehemu hiyo kwenye programu mwenyewe. Alianza kueleza alivyofanya hata kabla hajavua koti. Elinipendo alimpa mtoto ampakate, akafungua kitabu, akaanza kuimba wimbo wa kwanza alioukuta. Mama yake akaitikia sauti ya pili kutoka jikoni.