Nani Alifua Nepi?

Nesi Musimbi hakutulia. Tangu asubuhi alikuwa akiizunguka meza ya zahanati pale Kawangware 46, fomu themanini mbele yake. Mwalimu wake, Daktari Gerishon, alikuwa amechoka kumtazama.

Jamani, yule nesi alikuwa ametunga maswali ishirini ya kupima hali ya mama aliyejifungua, akazunguka nayo mtaa wa Gatwekera, Kibera, hadi viatu vikaisha, na karibu yote yalikuwa kazi bure! Una homa? Hapana. Unaumwa? Kidogo tu, tunashukuru Mungu. Nani atamlilia mgeni aliyeshika kalamu? Kwa fomu zile, Gatwekera nzima haikuwa na mgonjwa.

"Swali linalojibiwa sawa na watu wote halipimi kitu," Daktari alisema. "Hata hili la nepi, futa."

Swali lenyewe: Jana, nani alifua nepi za mtoto? Sabini na saba walijibu, mimi mwenyewe. Watatu walisema jirani.

Musimbi akashika kalamu. Akaiweka. 

"Daktari, si wewe ulitufundisha kila swali lina uzito wake? Jepesi humpata kila mtu. Zito huwapata wachache, wale waliozidiwa."

"Watatu tu, Musimbi."

"Mwanamke gani wa Gatwekera atampa jirani nepi zenye mavi, kama anaweza kuinuka?"

Akazichomoa zile fomu tatu. Wawili aliwajua: walikuwa wamelazwa hospitali jana. Wa tatu alikuwa Kalondu, mama Mutie, na fomu yake ilijazwa juzi. Juzi! Mungu wangu! Akatoka mbio, hata koti hakuchukua.

Alifika Gatwekera akihema, matope hadi magotini. Kwenye kamba ya nguo ya Kalondu hakukuwa na nepi hata moja. Ndani, Kalondu alikuwa amelala karibu na ukuta, mtoto akilia kando yake.

"Karibu sista. Mimi mzima tu."

Musimbi alimgusa paji la uso, akautoa mkono upesi. Moto! Akapiga kelele, majirani wakaja na mkokoteni, wakampakia na mtoto wake, safari ya hospitali ikaanza. Musimbi alikimbia kando yao.

"Mama Mutie, kwa nini hukuniambia juzi?"

Kalondu alifungua macho kwa shida.

"Si nilikwambia nepi anafua jirani? Ukaandika, ukaenda zako."