Usimtaje Gidon

Adele Gurwitz alinirushia kikombe cha chai mbele ya watu wote wa sinagogi letu, na mpaka leo sijui kama alikusudia kinipige au kinipite. Kilipasuka ukutani nyuma yangu, chini ya picha za marabi waliotutangulia, na chai ikanimwagikia kwenye kola ya koti. Ilikuwa ingali ya moto.

Sisi si watu wa kurushiana vikombe. Adele na mimi ni marafiki tangu usichana wetu kule Orange Grove, na kwa miaka mingi sisi ndio tunaoitwa kwanza mwanamke wa Kiyahudi akifariki upande wetu wa Johannesburg. Yeye ni mkuu wa wanawake waosha maiti. Mimi nasimama upande wa pili wa meza ya kuoshea. Tulimwosha mama yake pale, na tukamwosha wangu.

Mkutano ule aliuitisha Ivor Mendelow, mwenyekiti wa kamati. Vita vya Gaza vilikuwa vinakaribia kutimiza mwaka wa pili. Kila Sabato, ibada ikiisha, watu walikuwa wakigombana mbele ya sahani za biskuti na samaki wa kusaga. Sasa Ivor ni wakili wa mirathi, anaamini watu wakikalishwa vitini wataelewana tu. Akatuita ukumbini Jumapili alasiri, kila mtu aseme anaona vita hivi viishe vipi.

"Kwa heshima, tafadhali," alisema. "Hapa sote ni ndugu."

Wa kwanza kusimama alikuwa Basil, mwenye duka la miwani. "Hamas wamalizwe mpaka wa mwisho. Mateka warudi. Baada ya hapo ndipo tuzungumze."

Makofi yakapigwa. Mtu akauliza, "Na Ukingo wa Magharibi je?"

"Wetu," akasema Basil. "Kasome Torati yako."

Akafuata Danit, mjukuu wa bibi Bluma Katzeff. Bibi mwenyewe siku hiyo alikuwa amelazwa hospitalini, hali mbaya. Danit ni mwalimu, ana sauti ndogo, lakini maneno yake hayakuwa madogo. "Nchi moja," alisema. "Myahudi na Mpalestina, kila mtu kura moja. Si ndivyo tulivyofanya hapa Afrika Kusini? Nanyi mlisema tutachinjwa. Haya, nani kachinjwa?"

Ukumbi ukalipuka.

"Hapa hapakuwa na Hamas!"

"Nenda kaishi Gaza wewe!"

"Bibi yako anaumwa, usimuue kabisa!"

Hata mimi nilimpigia kelele. "Danit, mwanangu, ukiwatia wale nyumba moja leo, watauana kabla birika halijachemka!"

Selwyn, mume wangu, akanivuta mkono wa sweta. "Haya, umeshasema. Kaa."

Sikukaa. Nilikuwa na hasira tangu asubuhi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira tangu mwaka uliotangulia. Nikasema langu lote. Wapalestina wawe na nchi yao na Waisraeli wawe na yao. Walowezi waondolewe. Mateka warudishwe kwa mama zao. Na vita visimame leo, si baada ya ushindi ambao hakuna anayejua unafananaje. "Kuna watoto wanakufa njaa kule," nikasema, "na anayewanyima chakula anasema anatulinda sisi. Mimi sikumwomba anilinde hivyo."

"Uongo wa televisheni!" Basil akapaza sauti.

"Basil, wewe televisheni ikikwambia mvua inanyesha unatoka nje kuhakikisha!"

Watu wakacheka, nami nikadhani nimeshinda. Ndipo Adele akasema, bila kuinuka, kikombe chake mkononi, "Merle. Wewe una nani kule?"

Kicheko kikakatika. Kila mtu ukumbini alijua yeye ana nani kule.

Beulah, dada yake Adele, alihamia Israeli akiwa msichana, akaolewa katika kijiji cha ujamaa karibu na uzio wa Gaza. Mwanawe alikuwa Gidon. Kila wiki Gidon alikuwa akiendesha gari lake hadi kwenye kivuko cha mpakani, anachukua watoto wa Kipalestina waliougua, anawapeleka hospitali karibu na Tel Aviv, jioni anawarudisha. Hakulipwa na mtu. Asubuhi ile ya Oktoba wapiganaji wa Hamas walipoingia kijijini, walimuua nyumbani kwake, ameushikilia mlango wa chumba cha kujifichia ili mkewe na binti zake wasifikiwe. Hawakufikiwa.

"Sina mtu kule," nikamjibu Adele. Wanangu wote wawili wako Perth.

"Basi kaa chini."

Nikamwambia, mbele ya wote, "Gidon angesema hivi hivi ninavyosema mimi."

Ndipo kikombe kilipokuja.

"Usimtaje Gidon!" Adele alikuwa amesimama sasa. "Usimtie mdomoni mwako! Umemzika wewe? Umemzika?"

Rabi akasimama katikati yetu, mikono imenyooshwa huku na huku, kama mtu anayezuia magari. Mkutano ukafa hapo.

Kesho yake Ivor akanipigia simu. Kamati inaona ni vizuri nipumzike kuosha, kwa muda tu.

"Kamati au Adele?"

"Merle, usinibane hivyo."

"Nakubana. Nani kasema?"

Akarudia kwamba ni kwa muda tu. Nikamtolea matusi ya Kiyidi, lugha ya bibi yangu, ambayo sikujua kama bado nayakumbuka, nikakata simu. Selwyn alikuwa mezani anakata mkate.

"Ungenyamaza tu," alisema.

"Na wewe unaona vita viishe vipi?"

"Mimi naona viishe."

"Vipi, Selwyn? Vipi?"

"Supu inapoa," akasema mume wangu, na siku hiyo nusura naye arushiwe kitu.

Katikati ya wiki bibi Bluma Katzeff akafariki. Maziko yalikuwa kesho yake. Ilikuwa Julai, baridi kavu ile inayopasua midomo, na wawili kati ya waoshaji walikuwa kitandani na homa. Simu ikalia.

"Bluma amefariki," sauti ya Adele ikasema. Hakuna salamu. "Watu hawatoshi. Asubuhi uje."

Nilitaka kumwambia akamwite Basil. Nilikwenda.

Katika chumba cha kuoshea hatuongei ila la lazima. Ndiyo sheria: heshima ni ya maiti, sisi ni mikono tu. Tulikuwa wanne. Tukaomba, tukamwosha Bluma kwa vitambaa, upande wa kulia kwanza, sehemu moja tunaifunua nyingine tumeifunika. Tukammiminia maji ndoo kwa ndoo, ya pili ianze kabla ya kwanza kuisha. Ukiosha na mtu miaka mingi huhitaji kumtazama. Mkono wa Adele ulipoinuka, wangu ulikuwa tayari chini yake. Na muda wote huo nilikuwa namchukia. Sijui neno jingine. Kichwa cha bibi yule nimekishika kama yai, na moyoni natukana.

Tukamvika sanda. Kisha Adele akafungua kifuko cha udongo. Huo hutoka Israeli. Kila maiti wetu hunyunyiziwa kidogo. Akamtilia Bluma machoni, polepole.

Bluma hakuwahi kukanyaga nchi ile hata siku moja. Alizaliwa Lithuania, akaletwa Johannesburg akiwa mchanga, akafia hapa. Hakuwa na mtu kule. Na Adele hakumuuliza.

Tukamwomba marehemu radhi kwa jina lake, tukatoka. Nje kuna bomba la kunawia, na desturi ni kutofuta mikono, iachwe ikauke yenyewe. Wale wawili wengine walinawa upesi wakaondoka. Walituona nyuso.

"Hukuwa na haki," Adele akasema.

"Nilisema kweli."

"Unadhani mimi sijui kama ni kweli?" Sauti yake ilipanda mpaka mlinzi wa getini akageuka. "Angesema maneno yako yote! Angeyasema vizuri kuliko wewe! Ndiyo maana siwezi kuyasikia, Merle. Aliyasema maisha yake yote. Aliwabeba watoto wao mgongoni mwake. Na walipokuja hawakumuuliza yeye anaona vita viishe vipi."

"Na hao watoto aliowabeba? Unajua wako wapi sasa? Wangapi wako chini ya vifusi vya mabomu yetu?"

"Mabomu yetu! Wewe umerusha bomu lini?"

"Kama udongo ni wetu, na mabomu ni yetu."

Akauinua mkono uliolowa, nikajua napigwa kofi, na niliutaka ule mkono uje. Hakunipiga. Akasema taratibu, jambo lililokuwa baya zaidi, "Nikifa kabla yako, usiniguse."

"Sawa," nikasema. "Nami nikitangulia, nisikuone."

Saa chache baadaye tulikuwa makaburini, kwenye nyasi za njano. Wanaume walipokwisha kufukia, watu walijipanga safu mbili ili wafiwa wapite katikati wafarijiwe, na ikatokea Adele na mimi tukatazamana, yeye safu ile, mimi hii. Danit akapita, macho yamevimba. Adele, ambaye Jumapili alikuwa akimkodolea macho ya moto, akamshika mashavu na kumwambia yale maneno ya faraja, kila neno. Nami nikamwambia yale yale. Kisha Danit akapita, ikabaki njia tupu kati yetu. Hakuna aliyeivuka.

Ivor alipomuuliza kama aniondoe moja kwa moja, Adele alimjibu kwamba mambo ya meza ile si ya kamati, na kwamba mimi nitaosha. Hiyo niliisikia kwa watu. Kwa hiyo tunaosha. Tunafika, tunafanya kazi, tunanawa, kila mtu na gari lake. Hatusalimiani. Ukumbini sikanyagi tena, na Sabato nakaa upande wa pili wa ghorofa ya wanawake, nyuma ya nguzo.

Siku vita vile vitakapokwisha kweli, kwa njia yake au yangu au ya Danit, kila mmoja wetu atasikia peke yake, jikoni kwake, kwenye redio yake. Nikiwaza hilo hasira inanipanda upya, na wa kumpigia simu nimweleze ni mmoja tu, na simu yangu hapokei.