Mkate wa Mdalasini Unachovywa

Kila Jumapili baada ya ibada, Marlys huinjika sufuria ya chili, mchuzi mzito wa nyama na maharage, huku bibi yake, Opal, akipaka sukari mikate ya mdalasini. Jumapili hii, kabla hata vitunguu havijaiva, mlango wa jikoni ulisukumwa. Alikuwa Clint, mchumba wa Marlys, amewahi kwa saa mbili nzima, amekumbatia mkate wa mahindi.

"Nimekuja kusaidia," alisema, akachungulia sufuria. "Maharage tena! Kwetu Texas chili haitiwi maharage; ungefukuzwa mjini."

"Kwenu hamna adabu," Opal alimjibu. "Kaa hapo, ukune jibini."

Marlys alicheka, lakini moyo wake ulisinyaa. Clint alitaka wahamie Texas baada ya harusi, na Marlys kwa miezi miwili alikuwa akimjibu "tutaona" tu.

Walipoketi kula, Clint alisogeza kando mkate wa mdalasini. "Huu nitaula mwisho, kama watu."

"Ala! Huo unachovywa kwenye chili, bwana harusi," Opal alisema. "Hapa Nebraska sote tumelishwa hivyo shuleni, na hakuna aliyekufa."

Clint alichovya kwa woga, kama anayepima maji ya moto kwa kidole. Akatafuna. Akachovya tena, kipande kikubwa zaidi.

"Haya, nimeshindwa. Utanipikia hivi hivi kule kwetu."

"Sitakupikia kule," Marlys alisema, uso ukimwaka.

"Kwa nini, mpenzi?"

"Kwa sababu sitaki kuhama, Clint. Nakupenda, na nataka tuishi hapa."