Mwanya wa Mama Truphosa

"Tumechelewa kwa sababu ya nani?" Bwana Alexander aliuliza, kisha akapuliza filimbi kana kwamba jibu lingetoka humo.

Walikuwa wamechelewa kwa sababu yake. Watu kumi na mmoja, wamevaa fulana za njano za Chama cha Watembea Vilima, walikuwa wamekaa chini ya kilima tangu saa moja asubuhi, na yeye, mwenyekiti wao, akatokea saa tatu kasorobo, jua limeshaanza kuchoma mawe. Ng'washi, mama aliyewabebea maji, kreti la chupa kichwani na nyundo kubwa mkononi, alitazama kando ili asimwone usoni.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ilikuwa hivi. Hotuba, filimbi, kuhesabiana, kupotea njia, lawama. Ng'washi alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha nguo mpaka wafanyakazi walipopunguzwa, na tangu hapo alipasua kokoto kwenye kilima hikihiki. Wanachama walimkuta huko siku ya matembezi yao ya kwanza, wakiwa wamezunguka jiwe moja mara tatu na mzee mmoja analia. Akawashusha. Tangu siku hiyo wakamwajiri awabebee maji na awaonyeshe njia, ingawa njia yenyewe Bwana Alexander hakuwahi kukubali kuonyeshwa.

"Leo tuna kazi maalumu," mwenyekiti alitangaza. "Mwezi uliopita Mama Truphosa alishindwa kupita kwenye ule mwanya wa mawe kule juu. Tukamwacha nyuma. Ni aibu kwa chama. Leo tunaupanua."

Mama Truphosa, mwanamke mnene mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye daktari wake ndiye aliyemwamuru atembee, aliinamisha kichwa. "Mwenyekiti, mimi sijaomba kubomolewa mlima," alisema. "Nilishuka zangu, nikanywa chai, nikafurahi."

"Chama hakimwachi mtu," alisema Bwana Alexander, akatangulia. Alikata kushoto. Ng'washi alijua njia iko kulia. Alisema mara moja, lakini wakafuata kushoto, wakakwama kwenye miiba, wakarudi.

Kwenye saa tano wakafika kwenye mwanya. Jiwe kubwa kama lori lilikuwa limeegemea mwamba, na kati ya hivyo viwili pakabaki nafasi ya mtu mwembamba kupita kiubavu. Chini, mahali pa kukanyaga, palikuwa na jiwe jingine dogo, saizi ya mbuzi aliyelala, limebanwa humo kama kabari.

"Hilo," mwenyekiti alionyesha. "Likitoka hilo, hata gari linapita. Mama Ng'washi, fanya kazi."

Ng'washi akashusha kreti. Akaingia mwanyani, akachuchumaa, akaligonga jiwe dogo taratibu kwa upande wa nyundo, akiwa ametega sikio. Kiwandani alikuwa akijua uzi umekatika kwa kusikia kabla hajaona; mashine mia zinapiga kelele, yeye anaisikia ile moja inayokosea. Mawe hayakumpa taabu. Jiwe lililokaa tu chini hujibu kwa mlio mzito, uliolala. Hili lilijibu kwa mlio mwembamba, uliokaza, kama kamba iliyovutwa. Akaligonga lile kubwa. Nalo likajibu hivyohivyo.

Akatoka.

"Yaya," alisema kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili: "Hapana. Hili dogo ndilo lililolibeba kubwa. Ukilitoa, lile kubwa linakwenda."

"Linakwenda wapi?"

Ng'washi alionyesha kwa kidevu. Chini yao kilima kilishuka ghafla, na hatua mia hivi kutoka pale zilianza paa za mabati, moja juu ya nyingine, mpaka barabarani. Mbali zaidi ziwa lilimeremeta.

"Miaka mingapi hili jiwe liko hapa?" Bwana Alexander aliwauliza wanachama, si Ng'washi. "Tangu dunia iumbwe! Eti leo lianguke kwa sababu ya nyundo ya mwanamke? Lete."

"Mwenyekiti, huyu mama ndiyo kazi yake," alisema Owiti, fundi redio, aliyekuwa ameketi na viatu vyake vya mtumba mkononi, soli moja imebanduka. "Na sisi tuna njaa."

"Lete nyundo!"

Aliichukua mwenyewe. Akaingia, akaiinua kadiri nafasi ilivyomruhusu, akapiga. Mjusi akachomoka. Na pale juu, mahali jiwe kubwa lilipogusana na mwamba, mchanga ukaanza kutiririka, mstari mwembamba, kama unga kwenye gunia lililotoboka. Ukatiririka. Kisha ukakoma.

"Mmeona?" alisema mwenyekiti, akitoka huku akihema. "Hakuna kitu."

Ng'washi alipandwa na hasira ya mwaka mzima wa kulia na kushoto. Alimpita Bwana Alexander kwa kumsukuma kwa bega, akaingia mwanyani, akakaa juu ya lile jiwe dogo, akakunja kanga yake magotini.

"Piga sasa."

"Toka hapo, mama."

"Piga."

"Nitakufukuza! Mwezi ujao usije!"

"Siji. Piga."

Mwenyekiti akageukia watu wake. Walikuwa wanatazama viatu vyao. Ndipo Mama Truphosa akainuka, akajikung'uta majani, akaja mpaka mdomoni mwa mwanya, akakaa chini, mgongo huku na miguu kule, akaujaza wote.

"Haya," alisema. "Mlisema ni mwanya wangu. Nimekaa. Shikamoo, mama," akamwambia Ng'washi bila kugeuka. "Nipe maji."

Owiti akacheka. Mmoja akafungua kapu la viazi. Bwana Alexander, jasho likimdondoka kidevuni, akaiweka nyundo chini.

Kushuka, Ng'washi hakuuliza mtu. Alijitwika kreti, akashika nyundo yake, akawapitisha kwa njia ya moja kwa moja, kati ya nyumba za watu. Nyumba ya kwanza ilikuwa imejengwa pale mteremko mkali ulipoishia, ukuta mmoja umeegemezwa kwenye mwamba. Mwanamke kijana alikuwa anamwogesha mtoto kwenye karai.

"Nyie ndio mnagongagonga huko juu?" alifoka. "Watu wazima hamna kazi? Mtoto ameshtuka, sabuni imemwingia machoni. Hebu nishikieni nikachukue kanga."

Ng'washi alikuwa na kreti kichwani na nyundo mkononi. Mwanamke akamtupia mtoto mtu wa karibu, akakimbilia ndani.

Bwana Alexander alimpokea kwa mikono miwili, mbali na fulana yake, kisha mtoto akateleza, ikabidi amkumbatie. Maji ya sabuni yakamlowanisha kifua kizima. Akainua macho taratibu, kufuata mteremko, mpaka juu walikotoka. Lile jiwe kubwa lilionekana lote kutoka pale. Akapiga hatua mbili kando, kama anayelikwepa, na mtoto mikononi. Ndani ya nyumba watoto wengine wawili walikuwa wanabishana juu ya kijiko.

Akasimama, akarudi hatua moja, akawa hajui asogee upande gani.