Kijana wa Ngazi ya Saba

Kila mwaka, katika nyumba yetu ya wastaafu wa sinema nje ya Los Angeles, tunachagua filamu ya muziki iliyo bora kuliko zote. Zamani tulikuwa wapiga kura kumi na mmoja na mabingwa kumi na mmoja. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Ndipo Orpha, mwenyekiti wetu, aliyewashonea nyota magauni miaka thelathini, akaweka sheria: huruhusiwi kuipigia kura filamu uliyoifanyia kazi.

Mwaka huu kura zilikuwa tano kwa tano. Tano za Ngazi Arobaini, tano za Harusi Juu ya Treni, niliyoitetea mimi mpaka nikapoteza sauti. Sare humwachia taji bingwa wa mwaka jana, yaani Treni. Alibaki Wendell tu, mcheza dansi wa zamani, mwenye miaka tisini na moja.

Wendell anaiabudu Ngazi Arobaini. Anasema yumo, ngazi ya saba, dansi ya mwisho. Ukimwambia humwoni, anakujibu kapime macho.

Kweli hayumo. Mimi, Ione, mhariri wa filamu, ndiye niliyeikata filamu ile kwa mkasi wangu. Nilinyamaza miaka yote kwa huruma, na siku ile, Mungu anisamehe, nilinyamaza kwa ajili ya Treni.

"Wendell, Ngazi huruhusiwi, umo," Orpha akasema. "Chagua Treni au kaa."

"Treni siichagui hata nikifa."

"Basi sare."

"Ngoja, mama." Akasimama kwa kushika meza. "Naruhusiwa. Simo. Walinikata."

Gus, mpiga ngoma, akaacha kutafuna keki. "Miaka yote hii ulikuwa unatupiga kamba?"

"Nilikuwa nawapiga kamba. Nadhani nilicheza vibaya, wakanitoa, filamu ikawa nzuri. Iandikie kura yangu, Orpha."

Hapo uvumilivu ukanishinda. "Hukucheza vibaya, mzee mkaidi wewe. Nilikukata mimi. Bosi aliniambia: mtoe yule wa ngazi ya saba, watu watamtazama yeye, nyota wangu hatatazamwa."

Wendell akaketi.

"Yaani walinitoa kwa ajili ya yule goigoi?"

"Ndiyo."

"Basi filamu hiyo si bora. Kura yangu ipe Treni."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Ione, kwa kura moja tu unamtungia mzee wa watu hadithi?" Gus akasema. Nikaapa kwa kaburi la mama yangu, nao wakazidi kucheka. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nimeshinda, na nimeonekana mwongo.

Wendell akavuta kiti karibu yangu.

"Hawa hawakuamini," akanong'ona.

"Na wewe?"

"Nilivaa nini siku ile?"

"Kizibao cha kijivu. Kifungo cha tatu hakikuwepo."

Mkono wake ukapanda kifuani, ukatulia pale pale pa kifungo cha tatu.

"Endelea," akasema.