Kipima Kilicholegea Chumvini

Verlon Gaskin aliiona ndoo kando ya ukuta wa chumvi. Akachovya kidole, akalamba. Maji matamu, ya bomba.

Katika mgodi ule wa Winnfield, futi mia nane chini ya misonobari ya Louisiana, kila mtu anajua kuwa saruji ya kushika chumvi huchanganywa na maji ya chumvi. Maji matamu huila chumvi kimyakimya, na kilichokazwa leo, kesho kinacheza shimoni.

"Nani kachanganya saruji na maji haya?"

"Mimi," alisema Daktari Lindqvist, mwanasayansi kijana, mrefu, aliyeletwa na maabara. "Wiki iliyopita, ulipokwenda kula. Nilitaka kukupunguzia kazi, mzee. Nilikaza kipima mtikisiko kimoja tu."

"Kipi?"

"Sikumbuki, vyote vinafanana. Lakini si umevigonga asubuhi, ukasema vimeshika?"

Ni kweli, alivigonga. Alasiri ile, kwa jaribio la maabara, baruti ingelipuliwa ndani ya chumvi, na vipima kumi na viwili vingeonyesha ukuta umetikisika kiasi gani. Kwa mtikisiko huo ndipo wangehesabu nguvu ya baruti. Kipima kilicholegea kingesema uongo, na uongo huo ungeingia katika hesabu yote.

Alivigonga, lakini hakusikia kitu. Miaka thelathini na moja ya kuchoronga na kulipua ilikuwa imemla masikio. Maneno aliyasoma midomoni mwa watu. Mlio wa chumvi inapogongwa ulimpotea tangu majira ya baridi. Hakumwambia mtu, hata mkewe Oleta. Asiyesikia dari likilalamika hashushwi tena mgodini.

"Mzee Verlon? Kimoja tunaweza kukiacha nje ya hesabu. Tujue tu ni kipi."

Angeweza kutaja namba yoyote. Kijana angemwamini, na hilo ndilo lililomuuma.

"Sisikii, Daktari," alisema. "Asubuhi nilikudanganya."

Lindqvist alizunguka, akasimama mbele yake. Taa ya kofia ya Verlon ikamwangaza usoni.

"Kumbe ndiyo maana nilipokuita kwa nyuma uliringa! Nikasema huyu mzee ana nongwa na watu wa maabara."

"Nongwa pia ninayo. Mnachanganya saruji kama uji."

Wakacheka. Verlon akampa nyundo.

"Gonga wewe. Polepole, kama unamwamsha mtoto. Kilichoshika kinalia kifupi, kikavu, kama ganda la kokwa ya pikani linapopasuka. Kilicholegea..." Akafumba macho, akiutafuta mlio ule kumbukumbuni. "Kama kubisha hodi nyumba iliyohamwa. Sauti inaingia, inazunguka vyumbani, haimkuti mtu."

Lindqvist akagonga cha kwanza, sikio karibu na ukuta. Akaitikia kwa kichwa: kimeshika. Cha pili, cha tatu. Verlon hakuangalia nyundo. Aliangalia uso wa kijana. Kwenye cha tisa uso ule ulibadilika. Lindqvist akagonga tena, akageuka taratibu ili midomo yake ionekane vizuri.

"Wamehama," alisema.

Verlon akakipiga alama ya chaki.

"Malizia vitatu. Halafu napanda kwa msimamizi, nikamwambie mwenyewe habari za masikio."

"Tutapanda wote," alisema Lindqvist. "Nami nina langu la kumwambia."

Akainua nyundo, akasubiri hadi Verlon alipomtazama tena, ndipo akagonga cha kumi.